Severa na Kirikuu Nyeupe

Watu huingia dukani kwa Severa, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, wamejiapiza kununua sufuria moja, wakatoka na seti nzima na bado wanashukuru. Mama huyu wa Kibosho ana mdomo, acheni mchezo.

Ila mwaka huu mikokoteni ilimkomesha. Kila mzigo ukifika, nusu ya sahani zimekuwa vigae. Akaapa kwamba Krismasi hii haimkuti bila kirikuu, kale kagari kadogo ka kubebea mizigo.

Basi akaenda yadi moja ya magari Ilala, amenuna tangu getini, maana mnunuzi anayechekacheka hapunguziwi. Kirikuu ilikuwa imebaki moja tu, nyeupe, na moyo wake ukaipenda palepale. Usoni hakuonyesha.

"Shikamoo mama," alimpokea muuzaji, kijana aitwaye Khalfani.

"Marahaba. Hiki kibovu unauza ngapi?"

"Milioni kumi na moja, mama yangu."

"Tisa. Na nikitoka hapo getini sirudi."

Walivutana mpaka chai ikaletwa, ikanywewa, ikaisha. Severa alizilaani tairi, akaisikitikia injini, akalicheka bodi. Khalfani akashuka hadi kumi. Bado kidogo tu angesema tisa na nusu, wapeane mikono.

Ndipo akaingia Bakili, mzee muuza mkaa wa Buguruni. Akaipiga tairi teke.

"Hiki kimkebe? Nakupa saba."

Saba! Damu ilimchemka Severa. Miaka yote dukani ametukanwa hivyohivyo na watu wasiojua mzigo unatoka wapi. Kabla hajajizuia, mdomo ulishafunguka.

"Kaka yangu, kwa saba katafute bajaji. Khalfani, hebu washa. Unaisikia injini hiyo? Imetulia tuli! Tairi mpya, bodi halijaguswa na fundi. Gari hili utawaachia wajukuu."

Mzee akalegea. "Basi nane."

"Usinichekeshe. Kuna mama mmoja anaitaka, na kumi anayo."

Wala hakudanganya. Khalfani alikumbatia kikombe kitupu, anaogopa hata kukohoa. Bakili, kwa hofu ya kuwahiwa na huyo mama, akalipa kumi na moja kamili. Severa akampa mkono wa hongera, akamwelekeza namna ya kutokea getini asikwaruze ubavu.

Khalfani akamnyooshea laki moja. "Udalali wako, mama. Umeniokoa."

"Laki? Nimekupandishia milioni nzima! Lete tatu."

Wakakubaliana mbili na nusu. Severa akazifundika kwenye pindo la kanga, akatoka anatabasamu, siku imekwenda vizuri. Alipofika barabarani akamsimamisha bodaboda.

"Wapi, mama?"

"Kariakoo. Nina mzigo wa sahani unanisubiri, nataka kwenda kuubeba na..."

Akakaa chini palepale ukingoni mwa barabara.

"Jamani! Nimeuza gari langu!"