Bourse Isiyodai Ndama

Juzi, katika ofisi moja pale Sake, mama muuza maziwa kutoka milima ya Masisi alisimama mbele yangu kwenye foleni na binti yake. Binti amepata bourse ya kumsomesha chuo kikuu bure hadi amalize. Katibu akawapongeza, akainua mhuri agonge karatasi yao. Mama hakucheka, akamuuliza katibu:

"Papa, ndama tutarudishia nani?"

"Ndama gani, Mama?"

"Kwetu muntu akikupa ngombe, ikizaa unamurudishia ndama. Na hii munatupatia iko ngombe mukubwa."

"Bourse haiko deni, Mama. Hakuna kitu mutarudisha."

Mama akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akamgeukia binti.

"Umesikia? Hawataki ndama. Basi ndama yetu ni ule mutoto wa jirani. Utamufundisha hesabu mupaka na yeye apate bourse."

"Ndiyo, Mama," binti akajibu, kama aliyetumwa maji tu.

Mhuri ukabaki hewani mkononi mwa katibu. Nami niliyekuja kunung'unikia huduma ya ofisi hiyo, nikasahau manung'uniko yangu. Karatasi haijagongwa hata mhuri, na bourse tayari ina mimba!