Nguzo za Nyumba Niliyokataa Kujenga

Mimi huuza mabati Suna, mjini Migori. Nusu ya mtaa nimeiezeka mimi, lakini kwa baba yangu, huko Homa Bay, sikuwa na hata kibanda cha kuku. Ni kusudi. Baba alikuwa Msabato wa kukata na shoka, nami nikaoa Mkatoliki, kanisani kwao. Hakuja harusini. Nikaapa sikanyagi tena bomani kwake, na kwa kiburi, jamani, sijapata mpinzani.

Aliyeumia ni mdogo wangu. Kwetu Wajaluo, mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Basi miaka tisa akabanana na mke na watoto watatu katika chumba cha kupanga mjini, akingoja mimi nipoe. Alinipigia simu, akanisihi nije siku moja tu nisimike nguzo ya kwanza, mengine atamaliza mwenyewe. Mara ya mwisho aliniambia mzee anaumwa na ananiulizia. Nikamjibu kwamba mzee anaijua njia ya Migori. Nilisema hivyo mbele ya wateja, wakacheka, nami nikacheka nao.

Mzee akafa Jumatano. Nilifika kesho yake nimevaa suti, wazee wa ukoo wakanikataza kulala nyumbani mwa baba, maana kwetu mwana aliyeoa halali humo. Kifungua mimba mwenye mvi, hana pa kulaza ubavu kwenye matanga ya babake! Walisema nijenge kabla ya mazishi ya Jumapili. Jumamosi ni Sabato, kwa hiyo tulikuwa na Ijumaa peke yake.

Mdogo wangu hakunigombeza. Heri angenitukana mbele ya watu. Alivua shati akachimba mashimo, kisha akaenda nyuma ya jiko, akarudi na nguzo begani. Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Alizikata mzee," akasema. "Wiki ile ya harusi yako. Kila mwaka alikuwa akizipaka oili chafu ya magari zisiliwe na mchwa. Mimi alinikataza kuzigusa, kaka. Alisema ni zako."

Niliona aibu hata nikakosa pa kutazama. Watu walikuwa wananingoja, maana nguzo ya kwanza ni ya mwenye nyumba. Nikaipokea, nikaitumbukiza shimoni, mdogo wangu akashindilia udongo. Nilipoiachia, viganja vyangu vilikuwa vyeusi. Oili ya mwaka huu ilikuwa haijakauka.