Maswali Yapelekwe Malishoni

Nakumbuka Jumapili moja kule kwetu Munyaka, ukoo mzima umekaa sebuleni na birika la chai, kila mtu ana dawa na hakuna aliyejua ugonjwa. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sina mvi hata moja. Vumilia tu, kuna jambo nililoonywa nami nataka nikupe.

Mdogo wangu Chebet alikuwa kidato cha pili. Macho mekundu, usiku halali, mchana haamki, na Mama alikuwa amekuta majani ya muguka, yale ya kutafuna yanayofukuza usingizi, kwenye mfuko wa sweta yake ya shule.

“Huyo anahitaji jasho tu,” akasema Anko Sammy. Anko aliwahi kukimbia marathoni, na tangu hapo anaamini hakuna ugonjwa unaoweza kumfuata mtu mlimani.

Mama alikuwa ameshaamua. Kuna nyumba ya kurekebisha vijana huko Yamumbi. Ukiwapigia simu wanakuja na gari lao, Probox, alfajiri, wanambeba mtoto kabla hajaamka vizuri. Kesho yake wangekuja.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu. “Nani amempima?” nikauliza. “Mnajua anatumia nini? Mnajua alianza kwa nini?”

“Chuo kimekuharibu,” Anko akasema. “Wewe hata ugali utauliza umezaliwa wapi.”

Wakacheka. Nikaendelea kubishana, hata na methali. Shangazi aliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nikamwambia ulimwengu wa mtaa huu ndio uliokuwa unamfunza Chebet.

Hapo Kogo, nyanya yetu, akaweka kikombe chini. “Jepkoech, maswali yako ni kama ng’ombe wasio na mchungaji. Yanakanyaga shamba letu tu, hayashibi. Yapeleke malishoni! Nenda na mama yako huko Yamumbi, ukawaulize wao.”

Niliona aibu, mwanangu, kwa sababu alisema kweli. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza mahali pasipo na jibu ni kelele.

Mama akaahirisha Probox. Asubuhi mimi naye tulifika Yamumbi, tukamkuta mtu langoni na rundo la funguo. Nikaanza kumuuliza. Daktari ni nani hapa? Leseni iko wapi? Mzazi anakuja lini kumwona mtoto?

“Madam,” akasema, “umeleta mgonjwa ama umeleta kesi?”

Hata Mama alicheka. Kisha yeye mwenyewe akauliza wasichana wanalala wapi. Yule mtu akajibu, bila wasiwasi wowote, kwamba wote wanalala jengo moja, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Mama akakumbatia mkoba wake. “Twende.”

Tukaenda hospitali ya serikali mjini, na Chebet tukamchukua, akiwa macho na akijua anakokwenda. Mshauri wa pale, mama mmoja mpole, aliuliza maswali kunishinda mimi. Kisha akatutoa nje, akabaki naye. Ndipo ikajulikana: msichana alianza muguka ili akeshe akisoma, halafu akashindwa kulala, rafiki akampa bangi ya kuleta usingizi. Daktari alimpima, akasema hakuna haja ya kumfungia popote. Aje kila wiki, na Mama aje naye.

Haikuwa rahisi. Aliteleza mara moja, na Mama akaanza kutafuta ile namba ya Probox. Lakini safari hii Chebet alisema mwenyewe, kabla hajafumwa. Mshauri alituambia hilo peke yake ni hatua. Tena akaruhusu mazoezi, basi kila jioni Anko akawa anakimbia naye, na siku hizi Anko ndiye anayeachwa nyuma. Mpaka leo anatangaza kwamba yeye ndiye aliyemponya. Tunamwacha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimshuku mtoto, usilifiche jambo, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Muulize yeye kwanza, kwa sauti ya nyumbani. Mpeleke apimwe kabla hujaamua dawa. Na yeyote anayekasirika ukimuuliza atamfanyia nini mtoto wako, usimwachie mtoto huyo. Hata mimi usiniamini hivi hivi, nenda ukaulize.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na sikio la kungoja jibu. Watoto wako wakuambie kabla hujawafuma, na siku moja wakuache nyuma mlimani, ukihema na kucheka.