Vibanio Vitatu

Mpimaji wetu wa upepo akifika mahali papya hatazami vilima kwanza, hutazama kamba za nguo. Huinama chini ya mashuka ya watu, akigusa vibanio kwa kidole kirefu chenye wino, huku akiomba radhi kwa sauti ndogo: "Samahani, mama, siibi." Akikuta shati moja limebanwa kwa vibanio vitatu, huguna kwa furaha. Ndivyo alivyochagua bonde jembamba kati ya vilima viwili, wakati ofisi nzima ilitaka kilele. "Dada, tunatafuta upepo au tunatafuta dobi?" mkuu alimtania, kisha akaacha mzaha. Mlingoti wa vipimo ungesimama bondeni mwaka mzima, na upepo ukikosekana, kazi yake ingepewa mwingine. Yeye alirekebisha miwani. "Kilele kinapendwa na macho, mkuu. Upepo hupenda uchochoro."

Leo asubuhi mtambo wa kwanza wa kufua umeme kwa upepo umewashwa palepale bondeni. Mabawa yalisita, yakajikokota, halafu yakashika kasi mpaka tukarudi nyuma sote. "Hongera, dobi!" mkuu alipaza sauti, akipiga makofi kama mtoto. Upepo ukamvua mpimaji kitambaa cha kichwa, kikapaa juu yetu. Nilianza kukikimbilia.

"Kiache, mdogo wangu," alisema, mikono yote juu, akicheka kicheko ambacho ofisini hatujawahi kukisikia. "Leo sikuja na vibanio."