Draft yetu ya basketi Ibra, na Bidiya walivyompata mdogo wangu

Wakuu, asalaam aleikum. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba kabisa, msije mkaninunia.

Tangu juzi nawasoma mnavyotoana roho kwa ajili ya draft ya basketi ya kule Marekani, timu zinavyochagua wachezaji kwa zamu. Huyu kapatia, yule kapigwa, timu fulani imelala usingizi wa pono. Nacheka peke yangu mpaka mke wangu ananiuliza nina nini.

Na mimi nimewahi kuhudhuria draft jamani. Si kwenye TV, kwa macho yangu haya. Ibra, mkoa wa Sharqiyah, Omani, mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Nitawapa niliyoyaona. Pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Kwanza mjue sisi ni watu gani. Sisi ni Waarabu wa Tabora. Baba aliturudisha Omani mwishoni mwa miaka ya sabini, akapata kazi ya ufundi magari kwenye gereji ya serikali hapo Ibra. Mimi nilikuwa dereva, Kiarabu nikakiokota barabarani.

Aliyekwama ni mdogo wangu Seif.

Miaka ishirini, mrefu mpaka akipita mlangoni anainama, form four yake ya Tabora anayo mkononi. Lakini Kiarabu chake kilikuwa cha kwenye sala tu. Kila akienda kuomba kazi anaambiwa ajifunze lugha kwanza. Ajifunze na nani? Akawa anashinda ndani anatazama dari. Kijana aliyekuwa akituchekesha nyumba nzima, sasa hata chumvi haombi, anakula hivyo hivyo.

Siku moja akamwambia baba anataka kurudi Tabora kwa bibi.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Baba akasema, "Ngoja tende zivunwe. Zikimalizika na moyo wako bado umekataa, nitakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe."

Na baba yetu akisema kitu, kasema. Hapo ndipo mimi nilipoanza kukosa usingizi. Nilimjua mdogo wangu, na nilimjua mama yetu. Yule akiondoka, huyu hatapona.

Sasa tuje kwenye basketi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja Msudani aliyesimamisha magoli mawili ya basketi Ibra, na homa ikaenea. Yakapangwa mashindano ya timu tatu: Ibra, Bidiya na Sur. Ila kulikuwa na vijana wanane waliotoka Afrika, Seif mmojawapo, ambao hawakuwa na timu, na kila mtu anawataka kwa sababu mpira waliujulia shuleni huko. Ikakatwa shauri kila nahodha achague wawili, kwa zamu.

Nafasi sita, vijana wanane. Kama hiyo si draft niambieni ni nini.

Ilifanyika baada ya alasiri kwenye majlisi, yaani baraza la wageni, la Sheikh Hamed, mzee wa Kibedui aliyewahi kuishi Unguja kabla ya mapinduzi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini hasa, kinateleza kama halua. Tumekaa chini duara, vijana upande mmoja, manahodha upande mwingine, mimi nimejibanza nyuma ya Seif kama agent wake.

Haya, tathmini.

Round one. Sur wakachukua jamaa wa Mombasa, mabega kama kabati. Pick safi, sina neno.

Ibra wakachukua kijana wa Unguja, point guard, mwenye kuuongoza mpira. Akikupita unabaki unauliza kapitia wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa pick bora ya siku ile, na mpaka leo nasimama hapo.

Bidiya, nahodha wao Said, wakachukua jirani wa shangazi yake. Watu wa Bidiya mnisamehe, ule ulikuwa msiba. Jamaa alikuwa akipokea mpira kama anapokea tikiti maji. Lakini ndiyo sisi hao, kujuana kwanza, vikapu baadaye.

Round two. Sur wakachukua mtu wa kuzuia, sawa. Ibra wakachukua mpigaji wa mbali, sawa. Imebaki nafasi moja ya Bidiya, na vijana watatu. Seif yumo.

Nikamsikia Said ananong'ona na mwenzake kwa Kiarabu. Anamtaka yule mfupi. "Yule mrefu haelewi neno. Nitamwelekeza kwa mikono?"

Wakuu, kiufundi Said hakukosea. Mimi kama ningekuwa nahodha ningesema vile vile. Lakini ni mdogo wangu.

Kabla Said hajatamka, kahawa ikafika zamu yetu. Mnijuze kama kuna jambo Omani linaamuliwa bila kahawa.

Seif akapewa finjani yake. Sisi Tabora tumezoea chai ya maziwa, sukari ya kumwaga. Kanusa tu, akaiweka chini mbele yake. Imejaa.

Mazungumzo yakakatika. Mmiminaji akasimama na dele la kahawa mkononi. Na wote waliokuwa na finjani wakaziteremsha.

Nikajua tumeharibu. Kitu gani, sikujua.

Sheikh Hamed akamgeukia kwa upole. "Mwanangu, una haja gani? Sema."

Sikilizeni wakuu. Kwa Mabedui, mgeni akiweka finjani chini bila kuinywa, maana yake kaja na haja, na hainywi mpaka mwenye nyumba amemsikia. Mwenye nyumba akimwacha hivyo hivyo, ni aibu yake mbele ya watu. Haya Sheikh alinieleza baadaye. Siku ile mimi na Seif tulikuwa vipofu wawili.

Seif akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

Akasema, "Haja yangu nicheze, sheikh. Tangu nimekuja nchi hii sijapata mtu wa kucheza naye."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema mwezi ule mzima.

Sheikh Hamed akamtafsiria Said kwa Kiarabu, neno kwa neno. Said alikuwa mpwa wa Sheikh. Wakatazamana kidogo, kisha Said akacheka, akamwelekeza Seif kidole. "Khalas. Huyu wangu."

"Haja yako imepita," Sheikh akamwambia Seif. "Sasa kunywa kahawa yangu."

Akaibugia yote, uso ukamkunjamana kama kameza mwarobaini. Majlisi nzima ikaangua kicheko. Na kwa kuwa hakujua kwamba ukitosheka unaitikisa finjani, masikini wa Mungu akaendelea kumiminiwa na kunywa, kumiminiwa na kunywa, mpaka Said mwenyewe akamwonea huruma akamtikisia.

Tulipotoka nikamuuliza, wewe ile finjani uliiweka kwa nini? Akasema, "Kaka, nilikuwa nangoja sukari."

Alhamdulillah kwa kila jambo.

Sasa mchambuzi yeyote humu atasema ile ilikuwa pick ya kulazimishwa. Ni kweli. Lakini angalieni Said alivyofanya na pick yake. Kila alasiri ya mazoezi alitoka Bidiya na Land Rover yake kuja Ibra kumchukua Seif, na njiani kazi ilikuwa moja: kulia, kushoto, rusha, rudi, njaa, kiu, ahsante. Nilipanda nao mara moja. Said anataja kwa Kiarabu, Seif anajibu kwa Kiswahili, wanacheka wenyewe kama wendawazimu.

Uwanjani Seif alikuwa wa kawaida, nisimpambe kwa kuwa ni damu yangu. Fainali Sur waliwafunga Bidiya vibaya sana. Yule kabati wa Mombasa aliwabeba.

Tende zikavunwa, zikaisha.

Baba akamwita Seif sebuleni baada ya alasiri. Pasipoti iko juu ya meza. Mama kasimama mlango wa jikoni, kashika upawa. Baba akasema, "Mwanangu, ahadi ni deni. Moyo umekubali au umekataa?"

Seif alikuwa amepiga magoti anatafuta kiatu chini ya kochi. Nje honi ya Land Rover ya Said inalia; mashindano yalikwisha, yeye hakuacha kuja.

"Baba, tuzungumze nikirudi," akasema. "Wananingoja."

Akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Mama aliketi pale pale mlangoni akalia, na baba akairudisha pasipoti kabatini.

Nilichojifunza: mnapozipa timu maksi, mnahesabu vikapu, na ni haki yenu. Ila mimi nikiambiwa niipe maksi Bidiya ya mwaka ule, naipa zote. Said, popote ulipo, wewe na watoto wako, Mungu awalipe. Ulidhani umechukua mchezaji siku ile, kumbe ulitubakishia mtoto nyumbani.

Karibuni mnipinge. Na wewe, nani alikuchagua siku ambayo hakuwa na sababu?