Nusu ya Uso Wangu

Nina miaka hamsini na sita, na nilitaka Nyambura, mjane anayeimba katika kwaya ya kanisa letu hapa Gakindu, asinione mzee. Nilisoma kwamba krimu ya asidi ya hyaluroniki hushika maji kwenye ngozi kavu na kufifisha mikunjo midogo. Kwa kuwa siamini kitu nisichokipima, nilipaka shavu la kulia pekee kwa wiki sita. La kushoto nililinyima hata mafuta, katika baridi yote ya Julai, ili nilinganishe.

Krimu ilifanya kazi. Kulia niling'aa, kushoto nilipauka na kukunjamana.

Jumapili mchungaji aliniita mbele. "Tumwombee Mzee Gichuki. Amepigwa na kiharusi upande mmoja." Aliyeleta ombi hilo ni Nyambura, naye alikuwa analia.

Muuguzi mmoja akainuka. "Hebu cheka, mzee."

Nilicheka. Mashavu yote mawili yakapanda sawasawa. "Hiki si kiharusi," akasema muuguzi.

"Ati sasa mbona huu upande haufanani na ule?" akauliza Nyambura.

Maikrofoni ilikuwa mbele ya mdomo wangu. "Ni krimu ya kuondoa uzee," nikasema. "Nilikuwa najaribu nusu kwanza, kwa ajili yako."

Nyambura akaacha kulia. Afadhali angeendelea.