Dorkas na Kipimo cha Mamba

Dorkas alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayekwenda Morogoro kusomea usimamizi wa ruzuku za utafiti, jambo la kwanza alilojiuliza ni nani anayetaka kumtega.

Hakuzaliwa na tabia ya kudhania watu vibaya. Alikulia Gonja, binti wa muuguzi, akaolewa Maore, na kwa miaka mingi alikuwa karani katika ofisi ya shamba la mkonge huko tambarare. Kisha yakaja mageuzi. Shamba likawa linatafutiwa mnunuzi, na meneja aliyekuwa akiwahakikishia kila mara kwamba hakuna atakayeguswa ndiye aliyewakusanya uwanjani asubuhi moja akawaaga. Tangu hapo, mtu akimletea habari njema, Dorkas alimtazama kwanza usoni kabla ya kumshukuru.

Baadaye alipata kazi Same mjini, kwenye kituo kidogo cha utafiti cha chuo kikuu kimoja. Kituo kilichunguza ndiva, yale mabwawa ambayo Wapare huyachimba milimani kukusanyia maji ya vijito, kisha huyafungulia kwa zamu yashuke mashambani. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa Ulaya. Wakati huo chuo chenyewe kiliishiwa hata karatasi za mitihani, kwa hiyo mradi wenye gari na dizeli ulitazamwa na wengi kwa jicho baya.

Wafadhili wakatoa sharti jipya: kila mradi uwe na msimamizi wa ruzuku aliyefunzwa na kupewa cheti. Bila cheti, hakuna awamu ya pili. Daktari Eliufoo, mkuu wa kituo, angeweza kumtuma mhasibu yeyote wa chuoni mwenye shahada. Alimchagua Dorkas. Dorkas alipomuuliza sababu, Daktari alijibu bila kuinua macho kwamba Dorkas yuko hapo hapo kituoni na hana safari nyingi.

Nyumbani, mumewe Sylvester alisikiliza habari hiyo huku akipukuchua mahindi, akatikisa kichwa.

"Wanatafuta wa kumbebesha," alisema. "Mambo yakiharibika, ataulizwa mwenye cheti."

Dorkas alifikiri hivyo hivyo. Akaenda, kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo.

Mwalimu wao Morogoro aliitwa Salimu, mtu wa Tanga, mpole wa maneno, aliyewahi kuwa mkaguzi serikalini. Dorkas alitarajia hesabu tupu. Kumbe sehemu kubwa ya mafunzo ilihusu ahadi: mtafiti alisema atafanya nini, wapi, na je, mtu mwingine anaweza kwenda akakiona. Wanafunzi wenyewe hawakuaminiana. Kila mmoja alimdhania mwenzake kuwa sikio la wafadhili, na wakati wa chakula walizungumza habari za mvua.

Baada ya sehemu ya kwanza walirudishwa makazini na zoezi. Kila mmoja achague shughuli moja ya mradi wake, aende akaione kwa macho yake, kisha aeleze alichokiona. Cheti kingetegemea zoezi hilo.

Dorkas hakuhangaika kuchagua. Kila Alhamisi gari la mradi lilipanda Mamba, kule Pare Kusini, kupima maji ya ndiva, likiendeshwa na Asheri, mtafiti msaidizi, na kila liliporudi lilinuka tangawizi. Siku hizo ofisi nyingi zilikuwa na biashara ya pembeni, na wala watu hawakuficha. Dorkas aliamini kwamba Daktari Eliufoo alikuwa akisafirisha tangawizi kwa dizeli ya wafadhili, na kwamba alimtaka karani asiyejua kitu amfunikie. Alipomwambia kwamba angekwenda Mamba, Daktari aliweka kalamu chini.

"Umetumwa na nani?"

"Ni zoezi la kozi, Daktari."

"Zoezi," alirudia, akamtazama mpaka Dorkas alipofunga mlango.

Mchana Asheri naye akapita mezani kwake, akamshauri aahirishe kwa kuwa barabara imeharibika. Baadaye akarudi kumwambia tena. Dorkas hakungoja Alhamisi. Kesho yake alidandia lori la wafanyabiashara wa tangawizi, akapanda mlimani bila kumuaga mtu.

Ndiva ilikuwa juu ya kijiji, imejaa maji, kingo zake za udongo zimeota nyasi. Watu walikuwa wakilima chini yake. Dorkas alitafuta kipimo, ile nguzo ya chuma yenye alama za rangi ambayo wataalamu walikuja kuisimika kwa saruji. Vina vya maji vilivyosomwa kwenye nguzo hiyo vilimfikia ofisini kila wiki, na yeye mwenyewe ndiye aliyevipiga chapa. Nguzo haikuwepo. Palikuwa na bonge la saruji lililopasuka, na majani yalikwisha kulifunika.

Majembe yakanyamaza. Mzee Yona, aliyegawa zamu za maji, alimsogelea. Dorkas alimwamkia shikamoo; mzee aliitikia marahaba, akamuuliza ni binti wa nani. Dorkas akamtaja mama yake, muuguzi wa Gonja. Mzee alimfahamu, lakini uso wake haukulegea.

"Kipimo kiko wapi, mzee?"

"Kilitoka."

"Kilitoka chenyewe?"

Mwanamke mmoja aliyeegemea jembe ndiye aliyejibu. "Mama, huko chini mmeuza mashamba ya mkonge. Mmeuza na viwanda. Nani anapima kitu asichotaka kukiuza?"

Hapo Mzee Yona akaeleza. Waliing'oa nguzo kabla ya masika yaliyopita, baada ya kusikia kwamba serikali inauza kila kitu, wakaona zamu ya maji yao kuuzwa imefika. Asheri alipokuja na kukuta shimo, aliwasihi wasimwambie mtu. Tangu hapo alikuwa akiishia dukani, ananunua tangawizi ya kumpelekea mkewe anayeuza chai stendi, kisha anageuza gari.

Dorkas alishuka mlima. Alikuwa amekwenda kumkamata Daktari, na Daktari hakuwa na gunia hata moja. Na vile vina vyote alivyovipiga chapa tangu nguzo ing'olewe vilitoka kichwani mwa mtu.

Asheri hakukana. Alisema kila ofisi inapunguza watu. "Kazi yangu ilikuwa kusoma kile chuma. Ningewaambia hakipo, mimi ningebaki kufanya nini?"

Daktari Eliufoo alimsikiliza Dorkas mpaka mwisho, akasema kwamba bila shaka hicho ndicho alichotumwa kukitafuta. Dorkas akamwambia ukweli: alikwenda kumtafuta yeye, kwa habari ya tangawizi. Daktari alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akamwomba aandike zoezi kuhusu jambo jingine, hata utunzaji wa stoo. Alikuwa amekwisha kuandaa makala kwa kutumia vina vile, na mkutano ulikuwa karibu.

"Daktari," Dorkas aliuliza, "mwenyewe ulifika lini Mamba?"

Daktari alitazama dirishani. Dorkas hakujua kama mtu huyu alidanganywa au aliamua kutokuuliza, na hakuja kujua kamwe.

"Nitaandika nilichokiona," alisema. "Nimekuja kukuambia kabla."

Salimu alipolisoma zoezi alimuuliza jambo moja tu: kama mkuu wake aliambiwa kwanza. Dorkas akasema aliambiwa. Cheti akapewa.

Wafadhili walisimamisha fedha. Gari likakaa uani likishika vumbi. Makala haikusomwa. Asheri aliachishwa kazi, akawa anamsaidia mkewe stendi, na Dorkas akaanza kupita njia ya nyuma ili wasikutane macho. Daktari aliendelea kumsalimia kwa adabu, lakini Dorkas alipoingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika. Hata kanisani kuna waliomuuliza kwa sauti ya chini siku hizi anamchunguza nani.

Baadaye wafadhili walikubali kuendelea, ilimradi watu wa Mamba waridhie. Dorkas ndiye aliyepanda kuzungumza nao. Mzee Yona alitaka nguzo ya mti, waisimike wao wenyewe, na kila kinachosomwa kitangazwe pale ndivani kabla ya kwenda Same. Dorkas alikubali, akahakikisha sharti hilo limeingia kwenye mkataba.

Siku ya kwanza ya kupima, yule mwanamke wa jembe aliwekwa asimame naye ukingoni. Dorkas aliinama, akasoma kina cha maji kwa sauti. Mwanamke naye aliinama, akahakikisha, ndipo akawatangazia wenzake. Hakuna aliyesogea kwenda kufungua maji. Walingoja kwanza Dorkas ashuke mpaka barabarani, asione maji yanaelekea wapi.